Ncha ya Pili ya Kamba

Athumani mwanangu,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Mama yako anataka nikusubiri urudi kutoka Kinondo kwa shangazi yako, tuzungumze kama watu. Lakini siku hizi mimi na wewe tukizungumza sauti zinapanda zenyewe, na mmoja wetu hutoka nje akaiacha chai yake ikapoa. Ningekuandikia kwenye simu, ila ujumbe wa simu wewe huujibu kabla hujaumaliza. Karatasi haina pa kubonyeza, na kijana wa pikipiki atakufikishia huko Kinondo usiku huu huu. Basi keti, isome mpaka chini, kisha ukasirike ukitaka.

Sitakuambia habari za neti, wala za dawa ya tumbo, wala za kuvaa viatu shambani. Hayo mama yako ameyasema tangu juzi na atayasema mpaka gari la kwenda kwa mjomba wako liondoke. Mimi nina jambo moja, nalo ni majani uliyoyang'oa leo asubuhi.

Nilikuona. Nilikuwa chini ya shamba napalilia muhogo, nikakuona unapanda mteremko na jembe begani muda si mrefu baada ya Rashidi kuondoka. Nilijua unakwenda kufanya nini na sikukuita. Kwa kitambo kidogo moyo wangu ulikuwa upande wako, nami nikauacha ufurahi. Rashidi alikuwa amesimama uani kwetu na viatu vyake vya mjini Ukunda, akasema mistari yetu ya majani ya nepia ni mipaka. Kwamba nimelikata shamba la marehemu baba yake vipande vipande huku nikijifanya natunza udongo. Kwamba kesho atamleta mzee wa kijiji aone kwa macho yake, na tukishavuna msimu huu tuhame. Aliyasema hayo baada ya kunipa shikamoo. Mtu akikupa shikamoo kisha akakufukuza, unakosa hata pa kuanzia kumtukana.

Wewe ulipata pa kuanzia. Uling'oa mstari wa juu, wote, ukayatupa mashina njiani. Ulipokuwa unashuka ukaniambia bila kusimama, "Kama ardhi ni yake, baba, na mmomonyoko nao uwe wake." Kisha ukaoga, ukaenda Kinondo kuaga.

Sasa ni baada ya alasiri na wingu limekaa juu ya vilima vya Shimba tangu adhuhuri, zito, halisogei. Mahindi tumeyapanda juzi tu. Unajua kwamba mstari wa juu ndio unaoyapokea maji ya kwanza. Usipokuwepo, maji yatafika mstari wa kati yakiwa yameshapata nguvu, yataupita, na mbegu yetu itakwenda kulala kwa Bi Mejumaa kule bondeni. Mashina yangebaki njiani, kesho Rashidi angeyakuta yamenyauka, angemwambia mzee wa kijiji: mnaona, walijua ni mpaka, ndiyo maana wameung'oa. Shamba hili ndilo lililokulisha. Likitutoka kwa maneno hayo, litakuwa limetutoka kwa mikono yetu wenyewe. Naogopa, Athumani. Nimejifanya siogopi tangu asubuhi, na mama yako hajadanganyika hata kidogo.

Nakuandikia haya kwa sababu unakwenda kulima. Ungekuwa unakwenda Diani kuosha sahani za watalii ningekupa mkono na kukuombea dua, basi. Lakini mjomba wako Salimu amekuita huko bara ya Ramisi kwa kuwa miguu yake haimpandishi tena mteremkoni, na kwa kuwa kwetu Wadigo, tangu zamani, mpwa ndiye anayetazamwa kurithi ardhi ya mjomba. Hata hivyo mjomba ana Kasimu, mwanawe wa kumzaa, na Kasimu amesoma chuoni, anajua mirathi inasemaje. Utakapofika na begi lako atakupokea vizuri, atakutilia maji ya kuoga, na kila jembe utakalolipiga atalisikia. Utakuwa kwake vile mimi nilivyo kwa Rashidi. Ndiyo maana nataka ujue nilivyofika hapa, kwa sababu wewe unajua nusu tu, ile nusu inayonipendeza.

Shamba hili nilipewa na Mzee Bakari, baba yake Rashidi, kabla hujazaliwa. Alinipa kwa mdomo, mbele ya watu ambao sasa wote wametangulia mbele ya haki. Masharti yake yalikuwa yale ya kila mtu huku kwetu: lima mahindi, panda muhogo, kunde, pojo, chochote cha kuvunwa kikaisha. Usipande mnazi. Usipande mkorosho wala mwembe. Wewe umekulia humu huwezi kushangaa, lakini mtu wa bara akisikia anacheka, kwamba ardhi iwe ya huyu na mnazi uliosimama juu yake uwe wa yule, na wajukuu waje wagombane kwa nazi. Kwa hiyo huku ukitaka kujua kama mtu anaitamani ardhi yako, humtazami usoni. Unatazama amepanda nini.

Nikalilima kama mtu anavyolima shamba la kuazima. Nilichukua, sikurudisha. Nililima kwa kushuka, mistari ikitoka juu kwenda chini, kwa kuwa mgongo unapenda hivyo, na kila masika maji yakapita kwenye barabara niliyoyachongea mwenyewe. Mahindi yakawa yanapungua kimo, nami nikasema ni mbegu, mara ni mvua, mara ni jicho la watu.

Kisha ukaja mradi. Watu wake walitaka tuchimbe yale makinga-maji ya fanya juu, ambapo unachimba mtaro ukikingama na mteremko na udongo unautupa upande wa juu ufanye tuta. Aliyechimba alipewa mahindi, maharagwe na mafuta ya kupikia. Kijiji kizima kikaupenda udongo ghafla. Hata watu wasiokuwa na shamba walichimba shamba la shemeji. Mimi nilichimba kwa bidii hadi nikapigwa picha. Mahindi ya mradi yalipokwisha, mapenzi nayo yakaisha. Mitaro ikajaa mchanga, na wengine tukapanda viazi vitamu ndani yake kwa kuwa udongo ulikuwa laini. Sikuona aibu. Shamba si langu, gunia halipo, nichimbe kwa nini? Watu wengi watakujibu hivyo mpaka leo, wala si wajinga. Mgongo ni mmoja, na mwenye ardhi aweza kukuamsha kesho akakwambia toka. Nimeambiwa hivyo leo, kwa hiyo naongea kwa uzoefu.

Kilichonigeuza mimi si mradi. Ni Bi Mejumaa.

Wewe unamjua kwa mbuzi wake na ulimi wake. Wakati ule alikuwa mjane mpya, na shamba lake lilikuwa pale pale lilipo, miguuni pa letu. Msimu mmoja mahindi yangu yalinifika kiunoni, yamekuwa ya njano, na ya kwake yalikuwa yamemfunika kichwa. Nilipita pale kila siku nikijifanya natafuta kuni. Nilidhani ana dawa, nisikufiche. Mwisho wivu ukanisukuma nikamwuliza anatia mbolea gani.

"Mbolea?" akasema. "Baba Athumani, mimi natia shamba lako."

Akaniita nione. Udongo wa bondeni ni mweusi, na juu yake ulikuwa umelala mwekundu, mnene kama godoro, umetoka kwetu. Ndani yake nikaona kipande cha sahani ya bibi yako, ile ya maua ya buluu iliyovunjikia juu kule tulipokuwa tunawinga ndege. Nikakiokota, nikakifuta kwa shati.

"Basi nirudishie udongo wangu," nikamwambia, kwa mzaha.

"Sikuualika. Umekuja wenyewe, na mimi mgeni simfukuzi."

Nikarudi nyumbani nimenuna. Utadhani siku ile ndiyo niliyoanza kuchimba. Wapi. Nilinuna tu. Msimu mzima nilimnunia mwanamke kwa kosa la kukaa chini ya mlima.

Masika yaliyofuata mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi Bi Mejumaa akapanda huku kwetu na karai kichwani. Hakubisha hodi. Alifika mlangoni, akalimwaga lile karai kizingitini: tope jekundu, zito, limechanganyika na miche ya mahindi. Wewe ulikuwa mdogo, ukafurahi, ukaanza kulichezea.

"Huu nao ni wako," akasema. Hakupandisha sauti. "Wa mwaka juzi ulinilisha, nikanyamaza. Wa usiku huu umeingia jikoni kwangu, umenizimia moto, umenizikia mwanambuzi aliyekuwa amefungwa. Nitakuletea mpaka uishe, au uushike mwenyewe."

Akageuka, akateremka kuleta karai la pili. Nilisimama pale nimeshika mswaki. Mama yako akatoka, akalitazama tope, akanitazama mimi.

"Utamwacha alete na la tatu?" akaniuliza.

Athumani, wamekuja watu hapa miaka yote hii kuuliza kwa nini mimi nilichimba bila kulipwa na wengine hawakuchimba. Wanakuja na karatasi zao, wanakaa kwenye mkeka, wanakunywa madafu. Mimi huwaambia nilifanya kwa ajili ya vizazi vijavyo, kwa sababu nimeona wakisikia hivyo kalamu zinakimbia. Uongo mtupu. Kizazi kijacho kilikuwa wewe, na ulikuwa unalia unataka uji. Nilichimba kwa wivu, na kwa karai la udongo lililomwagwa mlangoni kwangu majirani wakiona.

Kuanza nilianzishwa na aibu. Kuendelea ni jambo jingine, na hilo sijawahi kumweleza mtu. Nilipomaliza mstari wa kwanza mvua ikaja mchana, nikatoka nikasimama kwenye maji nitazame. Yakaja kama kawaida yake, mekundu, yana haraka, yakafika kwenye mtaro yakasimama. Yakakaa. Yakaanza kunywewa polepole na ardhi. Nilisimama pale nimelowa mpaka mifupa nikicheka peke yangu, na mama yako akanipigia kelele niingie ndani. Nilipenda. Sina neno lingine la kukupa. Miaka yote nilikuwa nalima, siku ile ndiyo mara ya kwanza nilifanya kitu mlimani na mlima ukanijibu.

Majani ya kushikia matuta alinipa Bi Mejumaa mwenyewe, vipande vya nepia kutoka pembeni mwa zizi lake, kwa sharti nimpe ya mbuzi yakishaota. Nikaunda kipimo cha miti mitatu kinachoning'inizwa jiwe kwa uzi, nikapima usawa wa mlima, nikatia vigingi, nikavuta kamba kutoka kigingi hadi kigingi. Ncha ya pili alikuwa akinishikia mama yako. Mistari ikatulia, mahindi yakarudi, tena si kwa msimu mmoja, ilichukua muda nikiwa karibu kukata tamaa.

Sasa nifike pale nilipokosea, maana ndipo Rashidi alipotokea.

Sikumwambia Mzee Bakari. Hata neno. Nilijiona natengeneza shamba la mtu kwa jasho langu, sasa nimwombe ruhusa ya kumfanyia hisani? Kiburi, mwanangu, na huenda umekirithi. Mashamba mengine ukitia mtaro hakuna anayejali, lakini mimi nilitia kitu kinachoota na kukaa, kwenye ardhi ya kuazima, huku kwetu, ambako mtu husoma nia ya mwenziwe kwa alichopanda. Nilikijua kitu hicho tangu utoto, nikakisahau kwa sababu nilikuwa napendezwa na mimi mwenyewe.

Siku moja mzee alikuja na bakora yake, akautembea mstari wa juu kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole.

"Haya majani hukaa muda gani, Juma?" akaniuliza.

"Haya, mzee?" nikamjibu, kifua mbele. "Haya yatatuzika mimi na wewe."

Nilikuwa nayasifu majani. Alinitazama kidogo, akasema, "Inshallah," akaenda zake. Nikadhani amefurahi. Hakukanyaga tena shamba hili mpaka alipokufa, nami nikajiambia ni uzee, magoti, jua kali. Hebu jiweke mahali pake. Umemwazima mtu shamba kwa mdomo, na mtu huyo amekwambia alichopanda humo kitakuzika.

Asubuhi hii ulikuwa ndani unafunga begi, hukusikia yote. Rashidi aliniambia, "Baba alitwambia ulivyomwambia. Na kweli yamemzika." Hakunitukana kwa neno lingine zaidi ya langu mwenyewe. Wewe uling'oa mstari ukidhani Rashidi ni mtu wa Ukunda aliyenusa bei za ploti. Huenda ni hivyo pia, sijui yaliyomo moyoni mwake. Lakini alikuja pia kama mtoto wa baba yake, na mimi ndiye niliyempa silaha.

Baada ya sala ya adhuhuri niliyaokota mashina yako njiani. Mengine umeyakata mizizi, umeyafanyia ukatili kweli. Nikapanda nayo juu. Mama yako anakukaangia sambusa za safari, sikutaka kumwita. Nikaifunga kamba kwenye kisiki, nikaenda upande wa pili, nikavuta, ikalegea; nikirudi kurekebisha huku, kule inahama. Upepo ulikuwa umeshaanza. Radi ilikuwa inanguruma kule Shimba, bado mbali. Nikasikia pikipiki inazimwa.

"Shikamoo, Mzee Juma."

"Marahaba."

Rashidi alipanda mpaka pale nilipo. Hapakuwa na mtu mwingine mlimani. Mimi nina jembe, yeye ana funguo.

"Naona unaurudisha mpaka," akasema.

Nitakwambia ukweli kwa kuwa sitarajii kukwambia tena. Lile jembe lilikuwa jepesi mkononi. Hasira yako ya asubuhi ilinijia yote, na ya kwangu ya miaka, na nikaona wazi jinsi mtu mzima mwenye mvi anavyoweza kuishia kituo cha polisi kwa sababu ya majani ya mbuzi. Nililiweka jembe chini. Nilihitaji kitu cha kufanya kwa mkono ule, kwa hiyo nikaunyosha na kamba.

"Shika hapa," nikamwambia.

Akaishika. Mkono wake ulipokea kabla hajafikiri, na akabaki ameishika, hajui aiache vipi.

"Sogea juu kidogo. Hapo umezidi. Rudi."

"Mzee, mimi nimekwambia uhame."

"Nimesikia. Maji hayajasikia. Yakipita hapa usiku huu, yatafika jikoni kwa Bi Mejumaa kabla mzee wa kijiji hajafika kwangu."

Mimi nikaanza kuchimba na kupanda, nikimsogeza kigingi kwa kigingi, na kila tukifika kigingi kipya naogopa ataitupa kamba. Hakuitupa.

"Na kama unahama," akauliza baadaye, "unayarudisha ya nini?"

Wale wa karatasi hawakuwahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia, "Kwa kuwa nimeshayajua. Ningekuwa sijui, ningelala." Kisha, kwa vile nilikuwa nimeinama na sikulazimika kumtazama, nikamwambia na lile lingine: "Baba yako ndiye aliyepaswa kuishika kamba hii, siku ya kwanza. Sikumwita. Maneno yale nilikuwa nayasifu majani, wala sikuwa nataka ardhi yake. Niwie radhi. Nilipaswa kumwomba yeye."

Viatu vyake vilikuwa vimeingia udongo. Nilidhani hanisikilizi, maana alikuwa anaitazama kamba, anaufuata mstari kwa macho, kutoka kwenye kisiki, ukazunguka tumbo la mlima, ukarudi ndani pale penye bonde dogo, ukatoka tena.

"Mbona unapinda?" akasema.

"Unafuata mlima."

"Mpaka haupindi hivi."

Athumani, nilitaka kusema mengi. Nilikuwa na hotuba nzima. Nikachimba shimo lingine, nikapanda, nikamwacha aendelee kutazama.

Aliishika mpaka tukakaribia mkorosho wa baba yake, mwishoni kabisa, kisha simu yake ikalia. Akanirudishia ncha. "Nitakuja tu kesho na mzee wa kijiji," akasema. Nikamwambia karibu. Akateremka. Kwa hiyo sikwambii mambo yamekwisha, huenda kesho tukaambiwa tuhame vile vile. Sijui.

Lakini jambo la Kasimu nalijua. Shamba la mjomba wako nimeliona, linavuja kila mahali, na wewe mikono itakuwasha siku ya kwanza. Kabla hujapiga jembe, mwite Kasimu, mpe ncha ya pili ya kamba. Akisema ana kazi, mngoje. Akisema kesho, iwe kesho. Utauona udongo unaondoka na utaumia, nawe ngoja. Acha aushike mstari mwenyewe, auone unavyopinda. Na akikuuliza majani hukaa muda gani, mwambie hukaa mpaka mwenye shamba atakapochoka nayo. Usimwambie yatamzika.

Mashina ya kwenda nayo nimekuchagulia, yapo nyuma ya mlango, nimeyafunga kwa gunia bichi. Yanyunyizie maji ukifika.

Na kuna mengine nimeyaacha juu. Pale mwisho, chini ya mkorosho wa Mzee Bakari, sikumaliza. Nguvu nilikuwa nazo, na mashina yapo, lakini nimepaacha kwa makusudi. Nimeweka mawe kwa usiku huu. Mawe yatayachelewesha maji, hayatayazuia. Rashidi akija kesho nataka amkute pale aliyeung'oa mstari ndiye anayeumalizia. Njoo kutoka Kinondo alfajiri, upite huko kabla ya kuja kuchukua begi. Gari haliondoki kabla halijajaa, muda utakuwa nao. Kama hasira bado ipo, njoo nayo.

Matone yameanza kugonga bati. Natoka nikayatazame yale mawe. Kamba nimeiacha kule kule, ncha moja imefungwa kwenye kisiki. Ya pili sikuifunga popote. Rashidi akifika, mpe aishike.

Ni mimi baba yako,
Juma